Mama wa Ndani ya Redio

Kwanza niseme wazi, watoto wangu wasije wakadai vingine: mimi sikuwa na ugomvi wowote na redio ya zamani. Ilikuwa inakohoa, kweli. Ilikuwa inashika stesheni moja tu, na hiyo moja yenyewe ni ya ng'ambo ya ziwa, ukipita kona mbaya inakata. Lakini mimi ni daktari wa ng'ombe, si mcheza dansi. Kutoka Kilibula ninapokaa mpaka kwenye mazizi ya bonde la Ruzizi, ninachohitaji ni matairi na breki. Muziki niliwaachia wenye nafasi.

Gari lenyewe ni la Wajapani, la usukani wa kulia, lililovuka ziwa kutoka Kigoma likiwa tayari limewachoka wenyewe. Ya namna hiyo mjini kwetu Uvira yamejaa. Redio zake zilitengenezwa kwa ajili ya kwao: namba zinaishia tisini, na stesheni zetu karibu zote ziko juu ya hapo. Unazungusha kitufe, unafika mwisho, unarudi. Tumezoea.

Lakini ndani ya gari hilo mlikuwa na mwanamke. Siku ya kwanza nilipompakia mke wangu nikageuza ufunguo, taa za redio zikawaka, na hapo hapo ikasikika sauti. Ilisema sentensi moja ya Kijapani, fupi, ya adabu, kama mtu anayepokea mgeni mlangoni huku akifuta mikono. Kisha kimya. Mke wangu aliruka akashika mlango.

"Weye! Nani huyo mwanamuke?"

"Ni redio."

"Redio gani inaongea mbele ya kufunguliwa?"

"Ya Wajapani. Wale watu iko na adabu, wanasalimiaga."

Akaitazama redio kwa jicho la pembeni, vile alivyokuwa akiwatazama wauza ndagala, hawa dagaa wetu wa ziwani, wanaoweka wabichi chini na wakavu juu. Halafu akasema, "Kama ni salamu, hatuwezi kunyamaza. Jambo sana, mama!"

Ndivyo ilivyoanza. Kila asubuhi nilikuwa nampeleka kwenye duka lake dogo la vitenge kule Nyamianda kabla sijaelekea kwa ng'ombe wangu. Nikigeuza ufunguo, yule mama anasema neno lake, na mke wangu ananitafsiria. Kijapani hakukijua hata chembe. "Anasema umesahau kunyoa." "Anasema hiyo shati ulivaa jana." "Anasema bibi yako anahitaji viatu, na wewe unajifanya huoni." Kila siku jipya, na hakuwahi kukosa la kusema. Mimi najifanya kukasirika: "Huyo mama aangalie mambo ya kwao!" Naye anamjibu kwa niaba yangu, "Mama, umusamehe, ndiye Mungu alinipatia."

Kuna wakati tuligombana vibaya. Nilikuwa nimemkaribisha mdogo wangu na watu wake saba nyumbani bila kumuuliza. Siku mbili hatukusemezana, chakula kinaletwa mezani kama kwa askari. Asubuhi ya tatu nikageuza ufunguo, yule mama akasema lake, na mke wangu akageukia redio, si mimi: "Mama, umwambie huyo mwanaume aliye hapo kwamba chumvi imeisha." Nami nikaiambia redio, "Mama, mwambie nimesikia." Kufika Nyamianda tulikuwa tunacheka mpaka watu wanatugeukia. Tangu hapo ikawa ndiyo njia yetu. Jambo lolote zito lilipitia kwa yule mama kwanza.

Halafu mke wangu akaugua. Asubuhi niliyompeleka hospitali alikuwa ameegemeza kichwa kwenye kioo, kitenge amejifunika mpaka shingoni, macho amefumba. Nilikosea tundu la ufunguo mara mbili. Gari likawaka, yule mama akasema neno lake kwa adabu ile ile. Nilidhani mke wangu hakusikia. Tulikuwa tumeshatoka kwenye geti ndipo aliposema, bila kufumbua macho, "Anasema usiendeshe mbio. Tutafika."

Tulifika. Siku ya nne akafariki, na mimi nikarudi Kilibula peke yangu katika gari lile lile. Nilipogeuza ufunguo pale hospitali, yule mama alinisemesha. Sikumjibu. Lakini nilijua mke wangu angesema nini, au nilidhani najua, na hilo likanifikisha nyumbani.

Miaka miwili nimeishi hivyo. Msinicheke. Nyumba ilikuwa kimya, sufuria zile zile, kitanda kikubwa bure. Ng'ombe hawaongei, na wafugaji wanaoshuka na mifugo yao kutoka milima ya juu ni watu wa maneno machache. Wanakuonyesha mguu wa mnyama, wanakusubiri. Kwa hiyo kwa siku nzima, sauti ya kwanza iliyonielekea mimi ilikuwa ile ya asubuhi. Alinisemesha, nikasubiri kidogo, kama ule muda ambao mke wangu alikuwa akiutumia kutunga tafsiri, ndipo nikaondoka. Yeyote angeona ni mzee anapasha injini moto.

Sasa watoto. Mkubwa yuko mbali, nchi za baridi, alipelekwa huko na mpango wa wakimbizi pamoja na mke wake. Alipokuja kunitembelea mwaka jana alikaa kwenye gari langu dakika kumi akashika kichwa. "Papa, hii redio ni aibu. Siku yote uko peke yako ku barabara, hata muziki hauna!" Aliporudi kwake akatuma, kwa mkono wa mtu anayekuja, boksi zima: redio mpya yenye kioo kikubwa kama cha televisheni, spika nne, na kile kinyanyua sauti cha kufunga chini ya kiti. Barua ilisema: ili usijisikie mpweke.

Mtoto akikutumia kitu kutoka mbali hivyo, utakataaje? Nikakipeleka kwa fundi.

Fundi wetu ni mtu mzima, ndevu zimeanza mvi, ana kontena lake kando ya barabara pale Kilibula, na mikono yake inajua umeme wa gari kuliko walioutengeneza. Na kama mafundi wote wa Uvira, anafuata sheria moja ambayo haijaandikwa popote: cha zamani ni cha fundi. Ukibadilisha batri, ile ya zamani inabaki kwake. Ukibadilisha taa, vivyo hivyo. Kuuliza "ile yangu iko wapi?" ni kama mgeni anayehesabu mifupa aliyoiacha kwenye sahani. Mimi mwenyewe ningemdharau mtu wa namna hiyo.

Nilikaa nje kwenye kigoda chake. Yeye alikuwa amelala kifudifudi ndani ya gari, miguu nje, anavuta nyaya. Simu yangu ikalia: mfugaji wa upande wa Sange, ng'ombe wake anashindwa kuzaa, ndama ametanguliza mguu mmoja. Nikawa namwelekeza, "Sukuma mguu urudi ndani kwanza, usivute! Usivute, nakuambia!" Katikati ya makelele hayo fundi akapaza sauti kutoka chini ya usukani:

"Papa daktari, huku chini iko tuwaya twingi twa zamani na kasanduku kamoja. Nitoe ao niache?"

"Toa! Toa yote!" nikasema, na kurudi kwa ndama wangu.

Ndama alizaliwa mzima. Na redio, loo, redio ilikuwa kitu kingine. Fundi alipoifungulia, kwaya ikaimba ndani ya gari kama nimekaa katikati ya waimbaji, besi inanigonga mgongoni. Stesheni zote, za Uvira, za ng'ambo, zinaingia safi. Nilipopita kwa jirani yangu, mama mmoja mjane mwenzangu anayeuza maandazi mbele ya nyumba, akapiga makofi: "Papa daktari! Umerudia ujana!" Nilijisikia vizuri, siwezi kusema uongo. Nilimpigia mwanangu simu nikamwachia asikilize.

Kesho yake asubuhi nikaingia kwenye gari, nikageuza ufunguo. Kioo kikawaka rangi zote za dunia, kikapiga kamuziki. Basi.

Nilikaa. Nikazima. Nikageuza tena. Kamuziki. Nikazima, nikafungua mlango, nikaufunga vizuri, nikageuza mara ya tatu. Nilikuwa naelewa, jamani, sikuwa mjinga. Redio imetolewa, na mwenye kukaa ndani yake ametoka nayo. Lakini mkono ulikataa kuelewa. Nikaweka paji la uso kwenye usukani nikalia. Kwenye mazishi sikulia, kulikuwa na watu wengi wa kupokea, viti vya kuazima, wakwe wa kutoka mbali. Nililia siku ile, mbele ya geti langu, kwa ajili ya redio.

Jirani alinigongea kioo, unga bado uko kwenye vidole. "Papa, motokari imekataa kuwaka?"

"Eeh," nikamwambia. "Imekataa."

Mazizi yalinisubiri bure siku hiyo. Nilikwenda moja kwa moja kwa fundi, nikasimama mbele yake nikimeza aibu yangu, nikauliza swali ambalo haliulizwi. "Ile redio ya zamani iko wapi?"

Akanitazama. Akadhani nataka kumdai. "Papa daktari, weye tena? Unajua desturi."

"Najua. Siko nadai. Niko naomba."

Hapo akaona uso wangu akaacha kutania. Redio ilikuwa imeshaondoka: jana ile ile jioni kinyozi mmoja wa Makobola, aliyekuja mjini kutafuta vifaa, alikuwa ameichukua. Vinyozi wanazipenda redio za magari, wanaziunganisha na batri na kioo cha umeme wa jua, wateja wanyolewe na muziki.

Nikashika njia ya Fizi. Ziwa upande wa kushoto limetulia, milima upande wangu. Redio mpya niliizima. Njia nzima nilijiona kama mtu anayemfuata mke aliyerudi kwao, anapanga maneno ya kuwaambia wakwe.

Kinyozi hakuwa mgumu kupatikana. Kibanda chake kiko karibu na barabara, kioo kimoja, kiti kimoja, na redio yangu juu ya rafu kati ya mashine za kunyolea, inakohoa stesheni yake moja. Niliitambua kwa mkwaruzo wa pembeni, mke wangu aliikwaruza siku moja kwa pete.

"Papa, kaa nikunyoe," akasema kinyozi. "Hizo ndevu zinakuzeesha."

"Sikuja kunyoa. Nimekuja kwa ajili ya hiyo redio." Na kwa kuwa sikuwa na uongo wa tayari, nikamweleza ukweli: kwamba ndani yake mna mwanamke anayesema, na kwamba mke wangu alikuwa anamjibu, na mke wangu hayupo tena.

Mteja aliyekuwa anasubiri zamu yake nje akakohoa. Kinyozi akazima redio, akaiwasha, akasikiliza kwa heshima kubwa, sikio karibu. "Papa, pole sana. Lakini minye tangu jana sijasikia mwanamuke humu."

"Anasemaga mu motokari tu," nikamwambia, kana kwamba najua.

Tulielewana. Alichukua spika mbili za mwanangu, zile za mlango wa nyuma, tukazifungua pale pale kwa bisibisi yake, na mimi nikarudi na redio yangu kwenye kiti cha pembeni. Niliifunga mkanda. Sitasema kwa nini.

Fundi aliiona akacheka, kisha akaifunga. Kioo kikubwa kikatoka, ya zamani ikarudi kwenye tundu lake. Nikageuza ufunguo. Taa zikawaka. Stesheni ya ng'ambo ikakohoa. Yule mama hakusema.

"Umeunganisha vibaya," nikamwambia.

"Nimeunganisha muzuri."

"Basi umeiharibu! Jana ilikuwa inasema!"

Nilipaza sauti mpaka waliokuwa wanapita wakasimama. Fundi hakukasirika. Alijikuna ndevu, akauliza huyo mama alikuwa anasema nini, wakati gani. Nikamweleza. Akachuchumaa kando ya mlango wangu, akainua macho, na niliona anatafuta namna ya kunipunguzia uchungu.

"Papa, yule mama hakuwa mu redio hata siku moja. Alikuwa mu kale kasanduku ka huku chini ya usukani. Kule kwao ni ka kulipia barabara. Unaingiza kadi. Kama kadi haimo, kanakukumbusha kila ukiwasha. Ndiyo hiyo tu anasemaga: kadi haimo."

"Na kako wapi?"

"Nilikuuliza nitoe ao niache. Ulisema toa yote."

Heri kujikwaa kidole kuliko kujikwaa ulimi. Methali hiyo nimeifahamu tangu darasa la pili, nimewaambia watoto wangu mara mia, na sikuwahi kuilipia mpaka siku ile. Nilimtoa mwenyewe. Kwa sauti kubwa, mbele ya watu, bila hata kugeuza kichwa. Na miaka yote ile nilikuwa naitazama redio nilipokuwa namsikiliza, kumbe yeye yuko chini, karibu na magoti yangu.

"Umekatupa?"

"Fundi hatupagi kitu," akasema, kama nimemtukana. Akaingia ndani ya kontena akatoka anakokota ndoo ya vyuma, akaimwaga juu ya gunia. Swichi, relei, vipande vya plastiki. Na tusanduku. Si kamoja. Tulihesabu saba, tweusi, twa ukubwa wa pakiti ya kiberiti kikubwa, tumetolewa kwenye magari ya watu wa mji mzima ambao hawakutaka kelele za Kijapani asubuhi.

"Ni kapi kangu?"

"Hapo ndipo sijui, papa. Mtaka cha uvunguni sharti ainame."

Tukainama wote wawili juu ya gunia, wazee wawili, na batri kati yetu. Aliunganisha ka kwanza: kimya, kamekufa. Ka pili kakapiga filimbi tu. Ka tatu kakasema, neno lile lile, nikaanza kunyoosha mkono, lakini sauti ilikuwa ya msichana, nyembamba, ya haraka. "Si yeye," nikasema. Ka nne kakapiga filimbi. Ndani ya ka tano alisema mwanaume, tukashtuka wote wawili, fundi akacheka, na mimi pia, kidogo. Ka sita ndiye. Alisema kwa adabu yake, akifuta mikono.

"Huyo," nikasema.

"Una hakika? Minye naona ni kama yule wa tatu."

"Muntu anajua wa kwake."

Akakarudisha chini ya usukani, akakafunga kwa mkanda mpya. Redio ya mwanangu akataka kuirudisha pia na spika mbili zilizobaki, nikamwambia aifunge, mtoto atauliza. Ile ya zamani nikampa yeye, kwa desturi. Hakuwa na la kunidai na mimi sikuwa na la kumdai.

Asubuhi iliyofuata niliamka mapema kuliko kawaida. Nilivaa shati safi. Nikaingia garini, nikafunga mlango, nikageuza ufunguo kama mtu anayebisha hodi. Kioo kikawaka, kamuziki kakapita, na kutoka chini, karibu na magoti, yule mama akasema neno lake.

Nikasubiri, ule muda wa siku zote.

Na hapo ndipo nilipoelewa, na ilinijia mwili mzima, kwamba nilikwenda mpaka Makobola kumtafuta mwanamke ambaye si wangu. Huyu alikuwa hapa, amerudi, anasema anachowaambia watu wote: kadi haimo. Niliyekuwa namsubiri ni yule wa kiti cha kushoto. Miaka miwili nilidhani bado namsikia, kumbe nilikuwa nasikia swali tu, na jibu halikuja. Kiti kilikuwa na koti langu na sindano za ng'ombe.

Sikuwahi kutafsiri mimi. Hiyo ilikuwa kazi yake. Nikafungua kinywa, sauti ikatoka mbaya, kama ya mtu aliyeamshwa.

"Anasema," nikakiambia kiti, "anasema umesahau kunyoa."

Nikajishika kidevu. Kweli, nilikuwa nimesahau. Hakuna aliyecheka. Jirani alikuwa anawasha moto wa maandazi, akanipungia mkono, nami nikampungia. Nikatia gia, nikatoka kwenye geti, nikashika barabara polepole, kama nilivyoambiwa.